Baba akirudi nyumbani naugua, akiondoka napona: kisa cha kimo changu kilichogoma, Kilosa na Mikumi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na ninyi wengine marahaba hata kama hamjasalimia.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi kuna kijana alileta uzi kuhusu mwanawe ambaye hakui, wenzake wote wamempita kimo, na nusu ya majibu mlimwambia amchunguze bibi mzaa baba. Hilo limenikaa rohoni mpaka nimeamua kuandika.

Ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Atakayeona ni chai ya kutunga, aiache mezani apite.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mfupi. Nikikaa kwenye kiti cha ofisi miguu inaning'inia. Nimestaafu, nina wajukuu, na yule wa darasa la tano ananitazama kwa juu. Utani wote nimeshausikia, msijisumbue.

Baba yangu alikuwa mpishi kwenye behewa la chakula la gari moshi. Wazazi wake walitoka Tabora kuja kukata mkonge Rudewa, kwa hiyo Kilosa alikuwa mtu wa kuja, hana ukoo wa kumtetea. Mama alikuwa mwenyeji. Na kwa wenyeji wa kule, enzi zile, mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye kauli, baba ni mgeni anayeheshimiwa.

Tulikaa kota za reli pale Kilosa. Baba akisafiri anapotea wiki kadhaa, halafu anarudi mapumziko.

Akirudi ni sikukuu. Alikuwa na sufuria lake la kuokea mkate, anaweka makaa chini, anaweka makaa juu ya mfuniko, na mtaa mzima unajua kwa harufu kwamba fundi amerudi. Mimi ndiye nilikuwa kitinda mimba. Kipande cha kwanza kilikuwa changu, cha moto, kimepakwa siagi ya kopo, na ananilisha kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimpenda baba yangu sana. Niliandike hilo mapema kabla hamjafika huko mbele.

Mama alisema nilikua vizuri nilipokuwa nanyonya. Baadaye nikasimama. Tumbo likavimba, mikono na miguu ikawa vijiti, nywele zikageuka rangi. Naharisha, natapika, nalala na macho nusu wazi. Magauni ya mwaka uliopita yananienea vilevile.

Zahanati wakasema safura. Nikapewa dawa ya minyoo. Wakasema kwashakoo. Nikapewa karanga na mayai. Hakuna kilichobadilika.

Aliyeona kitu alikuwa Bibi, mama yake mama. Alikuwa mtu wa maneno machache ambaye macho yake hayakupitwa na jambo. Siku moja alimwambia mama, mimi nikiwa nimelala pale pale mkekani:

"Mwanangu, huyu mtoto akiugua, mumeo yupo. Mumeo akiondoka, anainuka. Wewe hujaliona hilo?"

Mama akamjibu asimsingizie mkwewe. Lakini tangu siku ile na yeye akaanza kuangalia.

Na ilikuwa kweli. Hapo ndipo pa kutisha, wakuu. Bibi hakutunga. Baba akifika, siku ya pili au ya tatu naanza kutapika. Kadiri ninavyozidi ndivyo anavyozidi kuhangaika, anazidi kukaa pembeni yangu, ananilazimisha nile apate amani. Akiondoka, napauka wiki moja hivi, kisha naanza kucheza tena.

Ikafika mahali honi ya gari moshi ikilia stesheni natapika, hata kama baba hayumo. Majirani waliliona hilo kwa macho yao. Nikipita, wanawake wa kota wananyamaza.

Ikaja operesheni ya vijiji. Watu wakahamishwa kwenda kukaa pamoja, na ukoo wa mama ukapangiwa kijiji upande wa Tindiga. Mama na Bibi walikwenda kuwahi viwanja na mashamba, nami nikabebwa. Baba alibaki kota kwa ajili ya kazi.

Kule Tindiga nilipona.

Sikunywa dawa yoyote. Tulikula ugali wa mtama, wali ukipatikana, mlenda, dagaa wa kukausha. Tumbo likarudi ndani. Nikaanza kukua kwa kasi, mama anashusha pindo la gauni, baada ya muda anashusha tena. Watoto wa kijijini walinijua kama mtoto mzima tu.

Bibi hakujigamba. Alisema tu, "Haya."

Baba alikuja mara ya kwanza baada ya msimu wa mpunga. Ametembea kwa miguu kutoka barabarani, kikapu kichwani, ndani yake mikate aliyoifunga kwa kitambaa cheupe na mfuko wa unga. Alinikuta nimerefuka akalia mbele za watu. Akanilisha.

Siku ya tatu nilikuwa nimelala chini, naharisha, macho nusu wazi.

Sasa lilikuwa si jambo la Bibi na mama tena. Mjomba wangu aliitwa kutoka Mikumi, alikokuwa akifanya kazi ya ujenzi wa barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzito, mwenye haki, na alinipenda. Alisema baba apewe nafasi ya kujisafisha kwa njia ya wazee.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto akidhaniwa ameshikwa na kinyongo cha mzazi, mzazi huyo huchanganya unga na maji kwenye kibuyu, anasema mbele ya watu kila alichokiweka moyoni, kisha anampulizia mtoto maji yale. Unga unaobaki unapikwa uji, mtoto anaunywa kutoka mkononi mwa mzazi mpaka uishe. Akipona, mzazi hana neno. Asipopona, analo na amelificha.

Unga unaotakiwa ni wa mtama. Lakini mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa. Mtama ulikuwa umeisha kijiji kizima, watu wanakula viazi pori. Unga pekee uliokuwepo ulikuwa kwenye mfuko wa baba, ule wa kuokea, mweupe pee.

Wazee wakaukubali. Mmoja akasema kwamba weupe wake ni dalili njema.

Nakumbuka baba amepiga magoti. Alisema hana kinyongo na mtu, ila aliwahi kumkasirikia mama kwa kukubali kuhamia kijijini, na kwamba hilo analitema. Akanipulizia usoni. Yale maji yalikuwa ya baridi, na yalinikaukia mashavuni yakanibana ngozi.

Halafu nikanywa uji wake. Kila siku, asubuhi na jioni, kwa mkono wake.

Nilikuwa karibu kufa, wakuu. Mama alishaanza kunifunika uso kuzuia nzi. Na kila nilipofumbua macho nilimwona yeye ameshika kikombe, na nilianza kumwogopa kuliko kitu chochote duniani. Nilikaza meno. Yeye alinibembeleza, "Kunywa mama, upone." Watu wote waliokaa pale walituangalia.

Mfuko ulipokwisha, mjomba alimwambia baba aondoke asirudi. Hakumtukana. Alimsindikiza mpaka mwisho wa kijiji, na njiani baba alimuuliza jambo moja tu, kwamba kama ni yeye kweli, mbona yeye mwenyewe hajui?

Mjomba alisema baadaye kwamba swali lile lilimfanya aamini zaidi, maana asiye na neno angekana, asingeuliza.

Nilipopata nguvu mjomba alinichukua Mikumi, niwe mbali. Nilikaa kwake na mkewe nikaanza shule. Darasani nilikuwa mkubwa kwa umri na mdogo kwa mwili. Ila nilikuwa mzima, na baba hakujua hata nyumba yenyewe iko wapi.

Halafu ikaanza upya.

Tumbo, kutapika, macho. Mjomba alikaa kitandani kwangu ameshika kichwa. Baba hayupo. Hajaja, hajatuma kitu. Shangazi, mke wa mjomba, akalisema lile ambalo wote walikuwa wanaliogopa, kwamba baba amenifuata.

Na niwaambie kitu ambacho mpaka leo sina jibu lake. Mchana mmoja, nyumba imefungwa, shangazi yuko shambani, mimi peke yangu kitandani, nilisikia harufu ya mkate unaookwa. Pale Mikumi, jirani hakuna hata mmoja aliyekuwa na ngano. Shangazi aliporudi alisimama mlangoni, akanusa, akarudi nyuma nje. Mimi sikuwa nimemwambia neno.

Madaktari mliomo humu, msinieleze hilo. Naomba mliache.

Mjomba akaamua mzigo urudishwe kwa mwenyewe. Mnajua maana yake, sitaki kuieleza sana. Anatafutwa mtaalamu, kile kinachomla mtoto kinarudishwa kwa aliyekituma, na aliyekituma hukaa siku zake akaisha. Lakini mjomba, kwa ile haki yake, alisema lazima mwenyewe aambiwe kwanza. Mama akaitwa kutoka Tindiga, akatumwa Kilosa.

Mama alirudi na jibu. Baba alisema, "Waambie warudishe. Kama ni mimi, mtoto apone."

Bibi akaja Mikumi kwa ajili ya shughuli hiyo. Walikuwa wanamsubiri mtaalamu kutoka Malolo, amekawia.

Katika siku hizo ndipo gari la afya likafika shuleni, wazazi wakaitwa, na Bibi akaenda amenibeba mgongoni.

Alikuwemo daktari kijana, Mtanzania, ndevu chache, aliyesomea ng'ambo na kurudi. Alitaka kuwapima urefu watoto wote wa shule, na wale wafupi kupita kiasi wabaki atafute sababu moja moja. Damu, choo, maswali kwa wazazi.

Wazazi wakakataa.

Vijana wa leo mnaweza kucheka. Lakini enzi zile mtu aliyepimwa urefu ni maiti. Kijiti kinakatwa kwa kimo cha marehemu, kinapelekwa kwa wachimba kaburi. Sasa anakuja mtu na ubao, anataka kumsimamisha mtoto wako mzima ukutani amwekee alama ya chaki kichwani. Mama mmoja alifuta alama ya mwanawe kwa upande wa khanga yake huku analia. Wengine wakawaficha watoto.

Bibi yangu alisimama mbele ya yule daktari. Akasema, "Mwanangu, anza wewe."

Daktari hakuelewa. Mwalimu akamnong'oneza. Yule kijana akavua viatu, akasimama ukutani, akamwambia mwalimu amchoree. Baada ya hapo watu wakaanza kuja mmoja mmoja, polepole.

Tulioachwa upande wa wafupi tulikuwa kundi. Wengi walikutwa na safura na njaa, wakapewa dawa. Mmoja moyo ulikuwa na shida. Mimi damu yangu ilikuwa nyepesi sana, lakini minyoo sikuwa nayo.

Daktari akamwita Bibi. Nilikuwepo, nimekaa chini kwa sababu kusimama kulinishinda.

"Shikamoo Bibi. Huyu aliacha kukua lini?"

"Marahaba. Huacha na kuanza."

"Anaacha lini na kuanza lini?"

Mwalimu alijaribu kumkonyeza Bibi asiseme. Bibi akasema. Akaeleza yote, baba akija, baba akiondoka, Tindiga, kibuyu, na sasa hapa Mikumi ambapo amenifuata bila mwili.

Nilidhani daktari atacheka au atagomba. Wasomi wa wakati ule walikuwa na kawaida ya kutuhutubia kuhusu imani potofu. Yeye aliandika kwenye daftari lake. Halafu akauliza:

"Bibi, huyo baba akija, huwa amebeba nini?"

"Amebeba mkate. Yeye ni mpishi."

"Na ule unga wa kibuyu ulikuwa wa nini?"

"Wa kwake. Wa ngano. Mtama haukuwepo."

"Hapa shuleni mtoto anakula nini?"

Mwalimu ndiye aliyejibu. Ile bulga ya msaada, ya mwaka wa njaa, inapikwa uji kila siku kwa watoto wote, na mgonjwa hupelekewa nyumbani. Daktari akamuuliza kama anajua bulga ni nafaka gani. Mwalimu alijua. Ni ngano.

Bibi alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mwanamke yule sijawahi kumwona akikaa chini mbele ya mwanamume mgeni.

Daktari alisema bado hana uhakika. Kuna ugonjwa ambao utumbo unaikataa ngano, unajichubua wenyewe mpaka chakula hakinyonywi, na mtoto anaacha kukua. Huko ng'ambo walimfundisha kuwatafuta wagonjwa hao kati ya watoto wafupi. Wenzake hapa walimwambia huo ni wa wazungu, kwetu haupo. Akasema lazima nipelekwe Dar. Na akasema jambo lililomtisha kila mtu, kwamba mpaka nifike niendelee kunywa ule uji, kwa sababu nikiuacha, utumbo utapona na kipimo hakitaona kitu.

Mjomba akamwambia daktari kwamba atasubiri siku chache tu, zikiisha atafanya alichopanga.

Dar nilimezeshwa kidude cha chuma kilichofungwa kwenye mrija mwembamba. Mrija unatoka mdomoni, umebandikwa shavuni, na unakisikia kile chuma kinashuka ndani yako kama mdudu anayejua anakokwenda. Kikifika kinang'ata kipande kidogo cha utumbo, kinavutwa juu. Sikulia. Nilikuwa nimezoea kufanyiwa mambo.

Majibu yakaja. Utumbo wangu ulikuwa umelala, umepoteza vinyweleo vyake vyote, kama zulia lililokwisha. Coeliac, ndilo jina lake. Dawa yake ni kuacha ngano maisha yote.

Tulipotoka Dar tulishukia Kilosa, mimi na mama, na mjomba akaja kutupokea. Alikuwa ametumiwa habari. Alitaka awe yeye wa kumwambia baba.

Tukaenda kota.

Jirani alitupokea kwanza nje. Akasema afadhali mmekuja, mwenzenu anakwisha. Amegawa nguo zake. Kazini haendi. Tangu mama alipoleta ile habari ya kurudishiwa mzigo, hali kitu, amelala ameelekea ukutani.

Mjomba akageuka rangi. Akasema, na aliapa kwa Mungu pale barabarani, kwamba yule mtaalamu wa Malolo hakufika. Hakuna kilichofanyika. Hakuna kilichorudishwa.

Tuliingia. Baba alikuwa amebaki mifupa. Tumbo lake lilikuwa limeingia ndani, na macho nusu wazi. Nilijiona mimi pale kitandani, wakuu. Nilimwona mtu anayekufa kwa kitu ambacho hakijatumwa.

Mjomba alipiga magoti kwenye sakafu ile ile ambayo baba alikuwa akiokea. Akamweleza yote, taratibu. Kwamba hakuna uchawi. Ni ngano. Ni ule mkate, na ule unga wa kibuyu, na uji wa shule. Alimwomba msamaha akamwita "shemeji yangu".

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Sisi tukasubiri afurahi.

Akasema, "Basi ni mimi kweli."

Mama akasema si wewe, ni mkate.

"Mkate nimeuoka mimi," baba akasema. "Nimemlisha mimi."

Mimi ndiye nilipanda kitandani. Nilikuwa bado mwepesi, kitanda hata hakikutikisika. Nikamwambia nina njaa, na kwamba sitaki mkate, nataka ugali. Akanitazama muda mrefu. Kisha akamwambia mama amsaidie akae.

Tulikula ugali sahani moja, mimi, yeye na mjomba. Alikula matonge mawili tu, lakini alikula.

Aliacha behewa la chakula. Aliomba kazi ya kukarabati njia ya reli, kazi ya jua na nyundo, mshahara chini. Alisema hataki vumbi la unga kwenye nguo zake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila siku akirudi alinawa mpaka viwiko kabla ya kunigusa, hata nilipokuwa mama wa watu. Nilimwambia aache, hakuacha. Tulipomzika mimi ndiye nilimnawisha mikono.

Nilikua, ila nilichelewa. Huu niliowaambia ndio urefu uliobaki.

Sasa kijana wa juzi, nakuandikia wewe. Watoto wafupi wengi ni wazima, wamerithi tu, na wengine ni lishe au minyoo. Lakini kama mwanao kimo kimegoma kabisa, na tumbo linamsumbua, mpeleke kwa daktari, muulize na kuhusu huu ugonjwa. Siku hizi wanaanza na kipimo cha damu, hakuna kumeza chuma. Na usimwachishe ngano kabla ya kipimo.

Na ninyi mliomjibu. Inawezekana kabisa mnachokiona ni cha kweli, kwamba mtoto anaugua mtu fulani akija. Bibi yangu aliona kweli. Ila kabla hamjamfukuza huyo mtu, mtazameni mikononi amebeba nini, maana anaweza kuwa ndiye anayempenda mtoto kuliko ninyi wote.

Nimemaliza. Mwenye mtoto wa namna hii, au aliyewahi kuona nyumba ikivunjika kwa jambo kama hili, aandike hapo chini, nitamjibu mmoja mmoja. Wa utani wa kimo nanyi karibuni, ila muanze na shikamoo.